Jicho la mtoto wa paka limevimba kabla halijafumbuka

Barua

Daktari, salaam.

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti mbele ya kabati. Paka wetu alijifungua siku 8 zilizopita, watoto wanne, ndani ya kabati la nguo, juu ya shuka nililolifua siku hiyohiyo. Ruhusa hakuomba. Watatu wananenepa mpaka matumbo yamekuwa kama ngoma. Wa nne, ambaye wanangu wamempa jina la Punje kwa udogo wake, ndiye anayeninyima usingizi.

Juzi niliona jicho lake la kushoto limetuna chini ya kope, kana kwamba kuna kokoto imefichwa humo. Wote bado hawajafumbua macho, ila ya wenzake ni bapa, hayana uvimbe. Jana asubuhi kona ya jicho hilo, upande wa pua, ilitoa tone la uchafu wa manjano. Nilipomgeuza nikaona na kitovu: chekundu pembeni, kina kigaga chenye unyevunyevu. Vya wenzake vilishadondoka na kukauka.

Nina mizani ya jikoni, nikaanza kumpima. Alizaliwa na gramu 92. Jana alikuwa 118, leo ni 114. Wenzake wote wamepita 170. Usiku nilimkuta amejitenga kwenye kona, amepoa, analia kilio chembamba kisichokatika. Nikamrudisha kwa mama yake. Baada ya saa moja yuko kwenye kona ileile.

Mume wangu anasema tusubiri, macho ya paka hufumbuka yenyewe. Jirani anasema hilo ni jipu, nilikamue. Kwenye droo nina kapsuli za amoksilini zilizobaki, mafuta ya macho aliyoandikiwa mwanangu mwaka jana, na chupa ya parasetamoli ya watoto. Nimefikiria kumpa hata kiasi cha ncha ya kijiko. Mama yao ni mzima, ingawa wiki moja kabla ya kuzaa alikuwa akipiga chafya sana.

Je, kweli haya ni maambukizi? Nilifumbue jicho mwenyewe? Nimpe dawa ipi? Nikimshikashika, mama yake hatamkataa? Na wanangu, ambao hawabanduki hapo kabatini, hawataambukizwa?

Mama Paka (ndivyo wanavyoniita nyumbani siku hizi)

Jibu

Mama Paka, wewe nilikujibu kwa ujumbe siku ileile, mistari miwili tu: mpashe joto sasa hivi, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, si kesho. Kwa ruhusa yako naichapisha barua na kueleza sababu, maana najua wasomaji wengi wangekimbilia mstari wa pili na kuuruka wa kwanza.

Ndiyo, ni maambukizi. Kope za mtoto wa paka huzaliwa zimegandana, na kwa kawaida huachana kati ya siku ya 7 na ya 14, zikianzia kona ya upande wa pua. Bakteria au virusi wakipenya nyuma ya kope hizo, iwe wakati wa kuzaliwa au kutokana na uchafu wa mahali anapolala, usaha hujikusanya na hauna pa kutokea. Ndiyo hiyo kokoto yako. Ukikaa humo hukichubua kioo cha jicho, ile sehemu ya mbele inayong'aa, na unaweza hata kukitoboa. Kwa hiyo mzee wa nyumba amesema nusu ya ukweli. Macho mazima hufumbuka yenyewe. Jicho lenye usaha halisubiriwi.

Lakini kilichonishtua kwenye barua yako si jicho. Ni zile gramu 4.

Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, na akifika wiki mbili huwa na kama mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Punje alipaswa sasa hivi awe anakaribia 170 kama ndugu zake. Kukaa siku nzima bila kuongezeka tayari ni sababu ya kutafuta msaada, sembuse kupungua. Ongeza hapo kujitenga, kupoa na kilio kisichokatika. Umeliona jicho kwa sababu liko usoni, lakini mtoto huyu alianza kuzidiwa kabla jicho halijavimba. Nakupongeza kwa mizani. Watu huniletea picha 20 za jicho na hawana hata namba moja ya uzito, na mimi ningebadilishana picha zote hizo kwa namba mbili za siku mbili.

Tumezoea kwamba mgonjwa mwenye vijidudu huchemka mwili. Kwa mtoto wa paka wa umri huu, usiingoje homa. Hajui hata kutetemeka vizuri ili ajipashe joto. Joto lake analipata kwa mama na kwa wenzake waliorundikana. Akiambukizwa hunyonya kidogo, sukari ya damu hushuka, mwili hupoa, na akipoa anakosa nguvu ya kunyonya. Mduara huo unaweza kumaliza kitoto ndani ya saa chache, na hapo jicho wala halijahusika.

Ndiyo maana naanza na joto. Wiki ya kwanza mwili wa mtoto wa paka huwa na nyuzi joto 35 hadi 37 hivi. Wiki ya pili na ya tatu hupanda kuelekea 36 hadi 38. Ukiwa na kipimajoto cha kidijitali chenye ncha laini, kipake vaselini na ukiingize kidogo tu kwenye tundu la haja kubwa. Ukiwa huna, ingiza kidole kisafi mdomoni mwake. Mdomo wa kitoto kizima ni wa vuguvugu na hukinyonya kidole kwa nguvu. Mdomo wenye ubaridi, usiovuta, ni habari mbaya kuliko usaha wowote.

Mpashe joto polepole, kwa saa moja hadi tatu. Mweke kifuani pako ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, au kwenye kiboksi chenye chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo. Chupa ikae upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kujiburuta upande wa pili. Usimtie kwenye maji ya moto, usimwelekezee mashine ya kukausha nywele usoni, wala usimlaze juu ya chupa tupu: ngozi yake huungua kabla hujagundua.

Na asinyweshwe kitu chochote kabla hajapata joto. Hapa naomba unisikilize kwa sababu nililipa ada ya somo hili. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nililetewa kitoto baridi kama jiwe la mtoni. Huruma ikanishika, nikakipa maziwa kwanza. Chini ya nyuzi joto 35 hivi utumbo husimama. Maziwa yakabaki tumboni yakichacha, mengine yakarudi na kuingia kwenye mapafu. Hakikufika jioni. Tangu siku hiyo naanza na kidole mdomoni, hata mwenye paka akinitazama kama sijui kazi yangu.

Akishapata joto na kuanza kuvuta kidole, mpeleke kwa mama yake peke yake. Waondoe wale mabonge watatu kwa dakika 20 au 30, mchagulie chuchu iliyojaa, na mkinge asisukumwe. Kama mama hana maziwa ya kutosha, yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, na daktari atakuelekeza. Ya ng'ombe yanaharisha, na kuharisha kwa kiumbe cha gramu 114 ni kukaukiwa na maji mwilini mara moja. Hulishwa akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Mtoto mchanga wa binadamu hulazwa chali mkononi. Wa paka ukimlaza hivyo unamzamisha. Kama havuti mwenyewe, usimsukumie maziwa kwa bomba la sindano. Kuna mpira mwembamba wa kupitisha mpaka tumboni, na hiyo ni kazi ya aliyefundishwa.

Kitu kingine cha kuangalia ni mkojo. Mfute kwa pamba yenye maji ya vuguvugu chini ya mkia, kama mama yake anavyomlamba, naye atakojoa. Mkojo wa umri huu unapaswa kuwa karibu na rangi ya maji. Ukiwa wa manjano iliyokolea, maji mwilini yamepungua. Ukiwa mwekundu au wa kahawia, mwambie daktari mara tu unapofika.

Sasa hiyo droo yako.

Parasetamoli itoe akilini kabisa. Si suala la kipimo kidogo au kikubwa. Ini la paka, hata paka mkubwa, halina uwezo wa kuivunja dawa hii ipasavyo, na mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu mpaka fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu. Ncha ya kijiko uliyoitaja ingemuua. Aspirini nayo usiiguse.

Amoksilini ni dawa nzuri, na huenda daktari akachagua iliyo jamii yake. Lakini fanya hesabu kidogo. Mtu mzima wa kilo 60 ni mzito kuliko Punje zaidi ya mara 500. Kapsuli ile ilipimwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Ungeigawaje mafungu 500 kwa ncha ya kisu? Na ini na figo za siku 8 bado hazijakomaa, kwa hiyo hata hesabu ikitoka sawa, mara za kumpa kwa siku si zilezile. Zipo antibiotiki ambazo kwa paka mkubwa hazina neno lakini kwa kitoto huharibu figo, hugeuza rangi ya meno yatakayoota au hudhuru gegedu za viungo. Kuchagua ndiyo kazi tunayolipwa.

Mafuta ya macho ya mwanao, soma boksi lake. Ukiona deksamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni, hayo yana steroidi. Kama kioo cha jicho kina kidonda, steroidi hukizuia kisipone na kinaweza kutoboka. Yasiyo na steroidi pia usiyapake juu ya kope zilizofumba, kwa kuwa hayapenyi. Yatakupa wewe nafuu ya moyo tu. Na tyubu iliyofunguliwa mwaka jana, hata kwa mwanao, ilishapaswa kutupwa.

Jirani anayesema ulikamue, mshukuru kwa kujali na umnyime nafasi. Ukilibinya, shinikizo linaenda ndani, kwenye kioo kilekile tunachotaka kukiokoa.

Daktari atafanya hivi: atazilainisha kope kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, ataziachanisha taratibu kuanzia kona ya pua, atausafisha usaha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, kisha ataangalia kama kioo kina kidonda na kukupa mafuta ya antibiotiki ya kupaka mara kadhaa kwa siku. Kope zitataka kugandana tena. Usishangae, ni kulainisha na kufuta upya kila zinapogandana, na hilo litakuwa jukumu lako kwa siku kadhaa, pamoja na usiku.

Kama ni usiku wa manane na hakuna kliniki iliyo wazi, usikae bure. Nawa mikono. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichojaa, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu kwenye kiwiko chako. Chovya pamba, iweke juu ya jicho kwa dakika 5, futa kuanzia pua kwenda nje, pamba itupe. Rudia kila baada ya saa tatu au nne, na kila mara mkaushe, maana manyoya mabichi yanampoza. Kwa umri wa Punje kope ziko karibu na wakati wake, hivyo mara nyingi maji ya vuguvugu peke yake huzifungua kidogo na usaha ukachuruzika. Ukichuruzika, endelea kuufuta. Zisipofunguka, usilazimishe, kucha, sindano na wembe vikae mbali. Jicho likishafumbuka, mweke penye mwanga hafifu. Rangi ya bluu yenye ukungu kidogo ni ya kawaida kwa macho mapya, na yanakuwa hivyo yote mawili. Doa jeupe kwenye jicho moja si la kawaida.

Kitovu, ambacho umekitaja kwa sentensi moja, mimi nakiogopa zaidi ya jicho. Kwa kawaida hukauka na kudondoka kati ya siku ya 3 na ya 5. Siku ya 8, wekundu, uvimbe na unyevu maana yake vijidudu vimekaa pale, na ndani ya kitovu kuna mshipa ulioelekea moja kwa moja kwenye ini. Njia hiyo ikitumika, tunakuwa na usaha ndani ya tumbo au bakteria kwenye damu. Ndiyo maana huenda Punje akahitaji sindano, si mafuta ya jicho peke yake. Kwa sasa zimua iodini ya povidoni kwa maji yaliyochemshwa mpaka iwe rangi ya chai nyepesi, gusagusa kwa pamba, kausha. Spiriti hapana: inachoma na inampoza. Uvimbe laini usio mwekundu, unaorudi ndani ukiubonyeza polepole, ni jambo jingine. Hiyo ni ngiri, na haina haraka.

Sasa mgeukie mama. Unasema ni mzima, lakini umenipa kitu cha thamani: chafya. Paka wengi waliowahi kuugua mafua ya virusi vya hapesi hubaki navyo maisha yao yote, vikiwa vimelala, na mzigo wa kuzaa na kunyonyesha huviamsha. Klamidia ya paka, ambayo ni bakteria, nayo hushambulia macho. Mwambie daktari habari ya chafya hata kama imekwisha, kwa kuwa inaweza kubadilisha dawa atakayochagua. Kisha mpapase chuchu moja moja. Iliyo ngumu, ya moto, nyekundu, au inayotoa maziwa yenye rangi ya ajabu, ina maambukizi. Tazama na uchafu unaomtoka nyuma: wekundu wa kahawia usio na harufu ni wa uzazi na utaisha, wenye usaha au harufu mbaya unatoka kwenye kizazi kilichoambukizwa. Nimeona watoto wanne wakitibiwa mmoja mmoja kwa wiki nzima, kumbe mgonjwa alikuwa mama.

Hatamkataa kwa sababu umemshika. Huyu ni paka wa nyumbani, mikono yako anaijua. Kinachomkera ni umati na kelele mbele ya kabati, na akikereka atawahamishia mahali usipopajua. Kwa hiyo wanao wapunguze ziara.

Kuhusu wanao wenyewe: virusi vya hapesi vya paka haviwapati binadamu. Klamidia ya paka imewahi kuingia kwenye jicho la mtu, ila ni nadra. Wanawe mikono kwa sabuni, wasimweke Punje usoni, basi. Wanaoweza kuambukizwa kweli ni ndugu zake watatu. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, na kila siku tazama macho na vitovu vya wote. Shuka libadilishwe kila siku. Sakafu ya kabati isafishe kwa sabuni na maji, ikauke. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji usizitumie. Nyingi zina fenoli, na fenoli ni sumu kwa paka.

Unapoenda kliniki, mchukue mama na watoto wote kwenye boksi moja, chupa ya moto ikiwa upande mmoja, na karatasi yenye uzito wa kila siku. Lile boksi la mafuta ya macho nenda nalo pia, lionyeshe.

Sikufichi: kwa uzito ule na dalili zile, wengine hawavuki hata wakihudumiwa kwa wakati. Na wakivuka, jicho laweza kubaki na kovu au kupotea kabisa. Paka mwenye jicho moja hukamata panya vizuri tu.

Kabla safu hii haijaenda kuchapishwa, Mama Paka aliniandikia tena. Kliniki ilipima joto la Punje, nyuzi 34. Alipashwa joto kwa saa mbili, jicho likafunguliwa, akapigwa sindano, na mama yao akaanzishiwa dawa ya chuchu moja iliyokuwa ngumu, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Jicho lina doa jeupe dogo. Daktari ataliangalia tena wiki ijayo. Uzito wa siku nne zilizofuata ni huu: 113, 117, 126, 139. Chini ya namba ya mwisho mtoto wake mmoja amechora paka mwenye miwani.